Gari imezeeka: ukomae nayo au uipeleke yadi uongezee hela? Hatua kwa hatua

Fundi akishakutajia bili ya milioni moja na nusu, na unajua mtaani gari yenyewe inauzika milioni sita, akili inaruka hapohapo: hii ni kimeo, bora niachane nayo. Unaanza kuangalia picha za magari kwenye simu, unapiga simu yadi moja, jamaa anakwambia lete yako tuiangalie, utaongezea kidogo uondoke na nyingine leo leo. Na watu wengi sana wa Dar wamehama kwenye gari ambayo ilikuwa inahitaji bushi, shokapu na rejeta tu, wakaingia kwenye deni la miaka mitatu kwa ajili ya gari ambayo hawaijui hata aliyekuwa anaitumia alikuwa anaibadilishia oili lini.

Kulinganisha bili ya fundi na bei ya gari hakukupi jibu. Unatakiwa ulinganishe miezi 12 ijayo ukibaki nayo itakula shilingi ngapi, na miezi 12 hiyohiyo ukibadilisha itakula shilingi ngapi. Hayo mengine yote chini ni namna ya kuzipata hizo namba mbili bila kudanganywa na bila kujidanganya.

Mifano yangu ni ya Bongo, magari ya Japani tuliyoyazoea, IST, Raum, Spacio, Premio, Noah, RAV4. Kama uko Kenya hesabu ni ileile ila soko lenu ni tofauti kwa sababu nyie hamruhusiwi kuingiza gari iliyozidi miaka 8, kwa hiyo gari ya zamani iliyoko ndani inashika bei kuliko kwetu.

HATUA YA KWANZA: jua gari imekula nini mwaka uliopita

Watu hawana risiti, najua. Ila una simu. Fungua meseji za M-Pesa au Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) au benki, tafuta jina la fundi wako na la muuza spea, rudi nyuma miezi 12, andika kila ulichotuma. Ni kazi ya nusu saa tu na utashangaa, wengine watakuta wametumia nyingi kuliko walivyodhani na wengine watakuta gari waliyokuwa wanailalamikia imekula laki nane tu mwaka mzima.

Halafu gawa mara mbili. Upande mmoja weka vitu ambavyo gari yoyote ingekula hata ingekuwa ya juzi: oili, filta, plagi, brekipedi, tairi, betri, waipa. Upande wa pili weka ubovu wenyewe: rejeta, koili, beringi, injini mauntini, pampu ya maji, kompresa ya AC, sensa. Huu upande wa pili ndio unaohusika na uamuzi wako. Ule wa kwanza utakufuata popote, hata ukinunua gari nyingine kesho oili utabadilisha tu.

Angalia pia kama kuna kitu kimejirudia. Rejeta imezibwa mara tatu, au koili zinakufa kila baada ya miezi miwili, hapo mara nyingi tatizo halijawahi kutibiwa, umekuwa unalipia dalili. Hilo ni suala la fundi kabla halijawa suala la gari, na ukibadilisha gari ukabaki na fundi yuleyule hutafika mbali.

HATUA YA PILI: ipime gari, na isipimwe na fundi wako

Fundi wako anaweza kuwa mtu mzuri kabisa ila ana maslahi, ama anataka uendelee kuleta kazi ama ana gari ya kukuuzia. Tafuta gereji nyingine, mwambie unataka kununua hii gari, akupimie kama mnunuzi. Usimwambie ni yako. Mlipe hela ya kupima na mwambie kabisa huna mpango wa kutengeneza chochote pale, utaona anavyoongea kwa uwazi.

Sasa vitu vya kuangalia. Hapa ndipo uamuzi wote ulipo, usipite harakaharaka.

Injini kwanza. Iwashwe ikiwa ya baridi kabisa, asubuhi, kabla hujaendesha. Moshi wa bluu maana yake inachoma oili. Moshi mweupe mzito usioisha, wenye harufu kama ya utamu, ni kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) inaingia kwenye silinda, na hapo unaongelea gasketi ya silinda hedi au zaidi. Mweusi ni mafuta mengi yanaingia kuliko yanayoungua, mara nyingi hilo linatibika kwa hela ya kawaida. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta utando mzito wa rangi ya maziwa ujue maji na oili vimekutana. Mwambie apime kompresheni, yaani mgandamizo, ya kila silinda, ni kipimo cha dakika chache na kinasema ukweli kuliko mdomo wa mtu.

Kuhusu kula oili, hili unalipima mwenyewe. Jaza mpaka alama ya juu ya dipstiki, tembea kilomita 1,000, pima tena sehemu tambarare. Ikipungua kidogo kwa gari ya umri huo ni kawaida, unanunua lita moja unaweka kwenye buti maisha yanaendelea. Ikishafika lita nzima kwa kila kilomita 1,000 hapo weka kwenye hesabu gharama ya kuifungua injini au kutafuta injini nyingine ya mtumba.

Kuchemsha je? Muulize fundi kama thermostati ipo, kile kidude kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate joto. Hii tabia ya gereji zetu ya kuing'oa thermostati eti "huku kwetu ni joto" imeharibu magari mengi, injini haifikii joto lake, mafuta yanaenda mengi, na ugonjwa halisi, mara nyingi rejeta iliyoziba au feni isiyofanya kazi, unabaki palepale unakua. Na kama gari miaka yote imekuwa inawekewa maji ya bomba badala ya kulanti, kutu iko ndani ya njia za maji, lazima uhesabu kusafisha mfumo mzima. Gari iliyowahi kuchemsha kwa nguvu hadi ikazima barabarani iangalie kwa jicho lingine kabisa, maana hedi ikishapinda itakusumbua.

Gia boksi. Weka R halafu D ukiwa umekanyaga breki, hesabu inachukua muda gani kushika, ikichelewa au ikipiga teke ni dalili. Chomoa dipstiki ya gia boksi kama ipo, oili yake ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, hapo kuna kazi. IST na Raum za mwanzo zina gia boksi ya kawaida ya otomatiki yenye gia nne, ni ngumu, zinavumilia. Zile za CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua, inabadilika mfululizo) zinataka oili yake maalumu, ukikuta gari ya CVT ambayo mtu alimwaga ATF, oili ya kawaida ya gia boksi za otomatiki, humo ndani, ujue uhai wake umeshapunguzwa na utahesabu gia boksi nzima, sio kuibahatisha.

Bodi na chesisi. Hapa nasisitiza kwa wale wa Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, wote tunaokaa karibu na chumvi. Injini inabadilishwa, gia boksi inabadilishwa, milango inabadilishwa, ila chini pakishaoza hakuna spea ya kununua. Gari inyanyuliwe juu, fundi agonge kwa bisibisi kwenye sehemu za kuwekea jeki, sehemu ambazo sospensheni imefungwa, chini ya milango, na mnyanyue kapeti ndani mwangalie sakafu. Kutu ya juujuu haina shida, piga brashi, paka dawa. Bisibisi ikizama, hilo ni jibu tosha. Na sio gari zetu tu, kuna gari zinakuja kutoka kaskazini ya Japani, Hokkaido huko, ambako wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji, zinafika hapa juu zinang'aa na chini zimeliwa.

Umeme na maji. Kama gari iliwahi kuingia maji, labda ulikwama Jangwani msimu wa masika maji yakapita usawa wa viti, waya na soketi zinaoza taratibu ndani na matatizo hayaishi, leo sensa, kesho vioo, keshokutwa haiwaki. Gari ya namna hiyo siitetei, hata injini iwe nzima.

Usalama wa abiria. Taa ya eabegi inawaka kwenye dashibodi? Isizimwe kwa kuchomoa balbu, hilo naomba sana. Tena kuna jambo la eabegi zilizotengenezwa na kampuni ya Takata, magari mengi ya Japani ya miaka ya 2000 yaliitwa kurudishwa viwandani kwa sababu kemikali ya kufyatulia ile eabegi inaharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi, ikifyatuka inaweza kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa yetu. Tovuti ya Toyota Japani ina sehemu ya kuandika namba ya chesisi inakwambia kama gari yako imo, imeandikwa Kijapani lakini simu inatafsiri. Kampuni nyingine za Japani nazo zina ukurasa kama huo. Angalia ya kwako, na angalia ya ile unayotaka kununua.

Tairi soma namba nne za mwisho kwenye yale maandishi ya DOT pembeni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ina kashata nzuri lakini ni ya zamani sana, raba imeshakauka.

HATUA YA TATU: ipange hiyo orodha ya fundi

Fundi atakuja na orodha ndefu. Usiichukue kama bili moja. Mwambie aitenge: kwanza vitu vinavyoweza kuua mtu, breki, stelingi, boljointi, tairodi endi, tairi. Pili vitu ambavyo visipotengenezwa sasa vitaharibu kikubwa zaidi, kuvuja maji, kuvuja oili, gasketi. Tatu vitu vya starehe na muonekano, AC, rangi, taa zilizofifia, redio. Mara nyingi ukishatenga hivyo bili ya milioni mbili inakuwa laki tisa za lazima, na zilizobaki unazigawa miezi sita.

Halafu beba orodha uende Gerezani au Ilala mwenyewe, uulize bei za spea maduka matatu, mpya na za mtumba. Kwa magari tuliyoyazoea spea zimejaa na bei zinashindaniwa, hiyo ni sababu kubwa ya kubaki na IST iliyozeeka. Kwa gari adimu ambayo kila kitu mpaka uagize na usubiri wiki tatu, hiyo kusubiri nayo ni gharama, hasa kama gari ndiyo inakuingizia hela.

HATUA YA NNE: tafuta pengo, achana na bei

Yadi mchezo wao uko hapa. Unakwenda na gari yako, jamaa anakwambia yako naichukua kwa milioni 8, unafurahi maana ulitegemea 6, hujui kwamba ile anayokuuzia ameipandisha milioni 3 ili kukufurahisha. Au kinyume chake, anakushushia bei ya gari mpya na kukukandamiza kwenye yako. Kwa hiyo usijadili bei mbili. Uliza swali moja tu: nikiacha hii na kuondoka na ile, naongeza keshi shilingi ngapi, makaratasi yote ndani? Hiyo namba ndiyo pengo. Uliza yadi tatu au nne, gari ya aina moja na mwaka mmoja, ndipo utajua nani anakupa dili ya kweli.

Pia jua gari yako ingeuzika kiasi gani ukiiuza mwenyewe mkononi kwa mtu. Angalia matangazo, lakini kumbuka bei ya tangazo sio bei iliyouzika, na ukipita kwa dalali kuna cha juu. Huku kwetu watu wanaangalia namba pia (ile herufi inayofuata tarakimu kwenye kibao, inaonyesha gari ilisajiliwa lini), gari ileile ya mwaka uleule yenye namba D au E inauzika haraka kuliko yenye namba C au B, kwa sababu mnunuzi anahesabu imekanyaga barabara zetu miaka mingapi. Yadi nao wanajua hilo na watalitumia kukushusha. Ukiuza mwenyewe kawaida unapata zaidi ya yadi, unachouza pale yadi kwa hiyo tofauti ni usumbufu wa simu, watu wa kuja kujaribu gari, na ahadi za "nakuja jumamosi". Kwa wengine huo usumbufu una thamani ya milioni moja na nusu kweli, kwa wengine hapana, amua ukiwa unajua ni kiasi gani unalipa.

HATUA YA TANO: kaa chini na kalamu

Tuchukue mfano. Una IST ya 2004. Yadi wanaichukua kwa milioni 5.5, mtaani ungeiuza milioni 7. Unayoitaka ni milioni 16. Pengo la yadi ni milioni 10.5, wewe mfukoni una 1.5, inabidi ukope 9.

Ukibaki: matengenezo ya sasa milioni 1.9, na tuseme mwaka mzima uliobaki weka 1.2 ya dharura na sevisi. Gari itashuka thamani labda laki 5, ikishazeeka haishuki tena kwa kasi. Bima ya thirdi pati, ile ndogo ya lazima, laki moja na kitu. Jumla kama milioni 3.7.

Ukibadilisha: gari ya 16 baada ya mwaka tuseme itauzika 14, hapo 2 zimeondoka bila kushika risiti yoyote. Ile 1.5 uliyowaachia yadi kwa kutouza mwenyewe. Bima kubwa, kwa sababu gari ya mkopo benki hawakubali thirdi pati, ukiweka 3.5% ya bei na VAT juu yake ni karibu laki 6 na 60. Sevisi ya kwanza kamili na tairi labda laki 8, maana gari uliyonunua lazima uifanyie oili zote, usiamini ya muuzaji. Kuhamisha umiliki na makaratasi laki 3. Riba: mkopo wa milioni 9 kwa 17% kwa mwaka, miaka mitatu, salio linalopungua, unalipa kama laki 3 na 20 kwa mwezi na mwaka wa kwanza peke yake riba ni kama milioni 1.3. Jumla kama 6.6.

Kwa hiyo kubaki kumekuokolea karibu milioni 3 mwaka huo, japokuwa bili ya fundi ilionekana ya kutisha. Na hiyo ni hali ya kawaida sana, mara nyingi gari inayojulikana na yenye spea tele inashinda hii hesabu. Ila weka namba zako, usichukue zangu, kwa sababu inaweza kugeuka.

Inageuka lini? Mafuta kwa mfano. Gari ya CC 2,400 inayokupa kilomita 9 kwa lita kwenye foleni zetu, na wewe unatembea kilomita 1,200 kwa mwezi, inakunywa lita 133. Ukihamia gari ya kilomita 14 kwa lita ni lita 86. Chukua lita kuwa 3,000 kwa urahisi wa hesabu (EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, weka ya mwezi wako), unaokoa kama laki 1 na 43 kwa mwezi, milioni 1.7 kwa mwaka. Hiyo ni hela ya maana. Lakini angalia, kama pengo lako ni milioni 10.5, mafuta peke yake yatalirudisha baada ya miaka sita na zaidi, kwa hiyo mtu asikwambie "gari ndogo inajilipa yenyewe" kabla hujagawanya.

Na siku za kulala gereji. Anayeendesha teksi za mtandao au anayesambaza bidhaa, kila siku gari isipotembea ni mauzo yamekatika. Zihesabu siku za mwaka jana, zidisha kwa unachobaki nacho kwa siku ukitoa mafuta, ongeza kwenye upande wa kubaki. Mtu wa ofisini anayeweza kupanda mwendokasi siku mbili gari ikiwa kwa fundi, kwake hii namba ni ndogo sana.

HATUA YA SITA: unayoiendea, ifahamu

Gari yako unajua maradhi yake. Ile ya yadi hujui, na kama ni ya ndani yenye namba, kuna mtu aliyekaa akafanya hesabu kama hizi akaamua kuachana nayo. Inawezekana kwa sababu nzuri, anahama, ana watoto watatu sasa, lakini uliza na pima kwa ukali uleule wa hatua ya pili, usipunguze kitu kwa sababu imepakwa polishi. Odometa usiipe uzito mkubwa, zinarudishwa, angalia pedali zilivyolika, usukani, kiti cha dereva.

Kuna injini za kuzifahamu kabla hujalipa. Zile D4 (zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda) za Noah za 2001 mpaka 2007 na baadhi ya Premio, yaani 1AZ-FSE, zinataka mafuta safi na fundi anayezijua, sio kila gereji. 1ZZ za zamani zina sifa ya kula oili. 2AZ-FE ya CC 2,400, iliyoko kwenye Harrier, Alphard, Vanguard na RAV4, miaka fulani ilikuwa na tatizo la kula oili na pia nyuzi za bolti za silinda hedi kuachia kwenye bloku. Hii 1NZ iliyoko kwenye IST, Raum na Spacio inatumia cheni badala ya mkanda wa taiming na kila fundi anaijua, kwa hiyo kama ndiyo unayo na haili oili, fikiria mara mbili kabla ya kuiacha.

Ukitaka kuagiza Japani badala ya yadi, ingia kwenye kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika, weka aina, mwaka na CC, kitakupa kodi yote kabla hujatuma hata dola moja. Kuna ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, na ule ushuru wa uchakavu ambao kwa magari ya kutembelea ni 15% yakiwa na miaka 8 hadi 10, na 30% yakizidi miaka 10, na hizi zinapandiana, moja inahesabiwa juu ya nyingine. Ndiyo maana unaona gari Japani inauzwa bei ya kawaida tu, ikifika mkononi imezidi mara mbili. Na ukiagiza huna wa kumwachia ya zamani, inabidi uiuze mwenyewe, kwa hiyo usiiuze mapema ukabaki bila usafiri meli ikiwa baharini.

HATUA YA SABA: amua

Mimi nasema baki nayo kama chini hakujaoza, injini haijachanganya maji na oili, gia boksi inashika vizuri, spea zipo, na hesabu ya hatua ya tano imekaa upande wako. Hata kama AC haifanyi kazi na rangi imechoka. Rangi sio sababu ya kukopa milioni 9.

Badilisha kama chesisi imekwisha, hapo usisubiri wala usiiweke kwenye mizani na kitu kingine, abiria wako ni watoto wako. Badilisha kama iliingia maji na umeme hauishi matatizo. Badilisha kama vikubwa viwili vimekufa kwa pamoja, injini na gia boksi. Badilisha kama maisha yamebadilika, mlikuwa wawili mko sita, au umehamishiwa sehemu ambayo barabara ni ya vumbi na mawe na gari yako iko chini mno. Hayo hayahitaji kalamu.

Katikati hapo, kwa wale ambao hesabu zimekaribiana, ninachowashauri ni kutengeneza vile vya usalama na vinavyovuja tu, halafu kila mwezi weka pembeni kiasi kilekile ambacho ungelipa mkopo. Laki 3 na 20 kwa miezi 12 ni zaidi ya milioni 3.8. Gari ikikomaa mwaka mzima una karibu 4 keshi za kupunguzia deni, ikifa katikati bado una kitu mkononi na unaingia yadi ukiwa hauna haraka. Mtu mwenye gari iliyokufa barabarani na hana usafiri kesho asubuhi, yadi wanamuona tangu getini.

HATUA YA NANE: makaratasi

Ukiamua kubaki, nunua daftari, andika tarehe, kilomita na kila kilichofanyika, na risiti zibandike humo. Ukija kuiuza hilo daftari linamfanya mnunuzi aache kubishana.

Ukiamua kubadilisha, kabla ya kupeleka gari angalia faini za trafiki na madeni ya paking ya TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini) kwenye namba yako, yalipe, maana yadi watayakuta na watakata zaidi ya deni lenyewe. Gari ikiwa na mkopo, kadi iko benki, malizana nao kwanza. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, uwe na namba za chesisi na injini za magari yote mawili, pengo mlilokubaliana, na nani anabeba gharama za TRA. Zile namba za chesisi usiziamini kwenye karatasi tu, ulinganishe na zilizogongwa kwenye chuma, na kadi ya gari unayochukua ihakikiwe TRA kwamba jina ni la anayekuuzia.

Na hili watu wanalipuuza: usikubali ile ya "tuachie tu kadi na saini yako, mteja akipatikana tutahamisha". Gari inabaki kwa jina lako, wanaiuza kwa mtu usiyemjua, anakamatwa kwa spidi Kibaha, faini inasoma kwako, akigonga mtu polisi wanakutafuta wewe. Uhamisho wa umiliki ufanyike siku hiyohiyo ya kukabidhiana, TIN za pande zote ziwepo. Kama wanasema haiwezekani leo, basi gari yako nayo ilale nyumbani kwako leo, na keshi ilale benki, mpaka siku itakapowezekana. Ukihamisha, omba nakala ya kadi mpya yenye jina la aliyeichukua, piga na picha, halafu sitisha bima ya gari ya zamani au uihamishie kwenye mpya kama kampuni yako inaruhusu.